Ufunguo wa stima uwe mfukoni mwako

Mpenzi msomaji, kuna msemo mmoja ambao bila shaka umeusikia matangani mara nyingi. Mtu amepoteza maisha kazini, jamaa wameketi chini ya turubai, na mzee mmoja anasimama, anatikisa kichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Watu wanaitikia, wanapangusa machozi, na mambo yanaishia hapo. Wiki inayofuata kazi huendelea kwa namna ile ile iliyomwua marehemu.

Leo naomba ruhusa yako niupinge msemo huo. Wahenga walikuwa na hekima tele, lakini wengi wao hawakupata kuishi na stima. Ajali ya stima ina kinga, na kinga yenyewe ni kitu kidogo kinachotosha kutiwa mfukoni. Kama una mwana, ndugu au mume ambaye riziki yake inatokana na waya, tafadhali nisome hadi mwisho. Hata kama huna, nisome vilevile, kwa maana nyumba yako nayo ina swichi.

Mimi ni mzaliwa wa Laare, huko Igembe katika Meru, mji unaojulikana kila pembe ya nchi kwa ajili ya miraa. Vijana wengi wa rika langu walioteremka Mombasa waliteremka pamoja na mabunda ya miraa. Mimi niliteremka na sanduku la spana. Nilifanya kazi ya fundi wa umeme katika magudi, yaani mahali ambapo meli huundwa au huondolewa majini ili zitengenezwe, kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa nimerudi nyumbani, na wazazi wenye vijana waliomaliza chuo cha ufundi hunijia wakitaka ushauri.

Huenda unajiuliza mtu wa milimani alifuata nini melini. Hebu lisikilize neno lenyewe. Sisi Wakenya huuita umeme stima, na neno hilo hilo ndilo walilotumia babu zetu kuiita meli iendayo kwa mvuke. Ile SS William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland, ikaungwa Kisumu na kuteremshwa katika Ziwa Victoria mwaka 1900, ilikuwa stima. Basi nilipokuwa nikitengeneza stima ndani ya stima, sikuwa mbali sana na lugha yetu.

Tena kazi hiyo haikuisha na enzi za wakoloni. Mombasa imekuwa ikitengeneza meli miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2020 serikali iliunda kampuni ya Kenya Shipyards Limited, ambayo gudi lake la Kisumu ndilo lililounda MV Uhuru II. Vijana wa bara watazidi kuitafuta kazi hii. Ni vyema wajue wanakokwenda.

Ndani ya tumbo la meli

Meli iliyo gudini ni chuma kitupu. Chini ni chuma, kuta ni chuma, dari ni chuma. Fundi huingia kwa kutambaa katika matangi na vyumba vya mashine ambamo hakuna upepo, na joto la Pwani unalijua. Baada ya dakika kumi shati limelowa chepechepe. Sakafuni mna maji ya chumvi na mafuta yaliyobaki. Goti lako, kiwiko chako na mgongo wako vyote vimegusa chuma kilichoungana na ardhi.

Sasa hebu tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi mlio mezani mwaweza kunisahihisha. Taa ya wati 60 ikiwaka kwa stima yetu ya volti 240 hutumia miliampia 250. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alipima watu waliojitolea, akaona kwamba mwanamume wa kawaida hushindwa kuuachilia waya mkondo ukifika miliampia 16 hivi. Misuli hujikunja, mkono ukaushika waya kwa nguvu zaidi badala ya kuutupa. Mkondo ukipita miliampia 50 na kupenya kifuani, moyo waweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Kwa hivyo stima inayowasha taa moja hafifu ya sebuleni ni mara nyingi zaidi ya ile inayotosha kuua mtu.

Mwili ulio mkavu huizuia stima kwa kiasi fulani. Mwili uliolowa jasho, ulioegemea chuma, huifungulia njia. Ndiyo sababu kosa ambalo jikoni kwako lingekupa mshtuko wa kusimulia jioni, ndani ya tangi la meli humfanya mtu asisimulie tena.

Kwa ajili hiyo, magudi yenye nidhamu huwa na desturi ambazo mgeni huziona kama mikogo. Taa ya mkononi inayoingia tangini hutumia volti 24 tu, wala si 240. Drili na mashine za kusugua kutu hutumia volti 110 kutoka transfoma maalumu. Kila laini huwa na swichi ya kinga inayokata stima yenyewe mara tu miliampia 30 zinapopotelea mahali pasipofaa. Mwenye kuchomelea vyuma hufunga kibanio cha waya wa kurudisha stima karibu kabisa na pale anapochomea, kwa sababu akikifunga mbali, stima hujitafutia njia yake katika chuma chote cha meli, na huenda ikampitia mwenzake. Tena habadilishi kijiti cha kuchomelea kwa mkono mtupu uliolowa, maana mashine iliyotulia bila kuchoma yaweza kuwa na volti 80 zinazongoja.

Haya yote ni mema. Lakini, msomaji wangu, katika miaka yangu yote sikuona kinga iliyopita ile nitakayokueleza sasa.

Mkono wa mtu mwingine

Watu wengi hudhani fundi wa stima huuawa na waya aliosahau kuuzima. Huwa hivyo mara nyingine. Lakini mafundi wengine hufa wakiwa wameuzima vizuri. Kinachowaua ni mkono wa mtu mwingine unaowasha.

Katika gudi moja nililofanya kazi, ambalo sitalitaja, mwenzetu alitumwa kuifungua mota ya pampu chini kabisa ya meli. Alikuwa fundi makini. Alipanda hadi kwenye ubao wa swichi, akazima, akaning'iniza kipande cha karatasi ngumu alichoandika kwa kalamu, "Usiwashe," kisha akashuka. Adhuhuri ikapita. Karatasi ile ilianguka, labda kwa upepo, labda mtu aliipitishia bega. Akaja kibarua mwingine ambaye wapaka rangi walikuwa wamemtuma awashe feni, kwa sababu walikuwa wakisongwa na harufu ya rangi. Maandishi ya ubaoni yalikuwa yamefutika. Akabonyeza swichi aliyodhani ndiyo ya feni.

Aliyewasha hakuwa mwuaji, wala hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mwema aliyewahurumia wenzake waliokosa hewa. Nadhani hilo ndilo linalotisha kuliko yote.

Tulipoutoa mwili, ndani ya mfuko wa ovaroli tulikuta spana mbili na karanga zilizofungwa katika gazeti. Kilichokosekana humo ni ufunguo.

Desturi hiyo ni rahisi hata mtoto aweza kuifahamu. Kabla ya kugusa chochote, fundi huzima swichi, kisha huifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Kufuli hilo lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo hukaa mfukoni mwake hadi atakapomaliza. Kama watu watano wanaitengeneza mashine moja, swichi hufungwa kwa makufuli matano. Wanne wakimaliza, mashine haiwezi kuwaka hadi wa tano naye apande aondoe lake. Msimamizi haruhusiwi kumfungulia. Tajiri mwenye meli haruhusiwi kumfungulia. Karatasi humwomba mtu asiwashe, lakini kufuli humkataza.

Baada ya kufunga, fundi hajiamini bado. Huchukua testa na kuijaribu kwanza mahali anapojua pana stima, ili ahakikishe kwamba testa yenyewe ni nzima. Kisha huijaribu pale anapotaka kufanya kazi. Kisha hurudi tena pale pa kwanza, kuona kama haikufa njiani. Hatua tatu, dakika mbili.

Huenda ukasema hiyo ni tahadhari ya kupita kiasi. La hasha. Meli ina mabwana wengi. Ikiwa gudini, aghalabu jenereta zake kubwa huzimwa kwa kuwa hakuna maji ya bahari ya kuzipoza, na stima huletwa kwa kebo kutoka nchi kavu. Lakini meli kubwa huwa pia na jenereta ya dharura ambayo, stima ikikatika, hujiwasha yenyewe na kuanza kutoa stima kabla ya sekunde 45 kwisha. Chini yake mna betri. Mtu anayekata kebo moja na kusema, "Sasa meli imekufa," hajui meli.

Nyumbani kwako pia

Sasa turudi nchi kavu, maana najua wengi wenu mnaishi mtaani na si melini.

Hebu fikiria nyumba ya kupanga jijini. Hita ya bafu inarusha stima, nawe umemwita fundi. Mita na swichi za wapangaji wote ziko chini kwenye sanduku moja karibu na lango, na namba za nyumba zilifutika zamani. Fundi anashuka, anazima, anapanda. Jirani wa nyumba ya pili anaona televisheni yake imezimika katikati ya mpira, kwa kuwa fundi alizima mbili ili awe na hakika. Anateremka kwa hasira, anaziwasha zote, anarudi kwenye kochi lake. Mle bafuni, fundi wako amesimama juu ya sakafu yenye maji. Je, bafu hilo lina tofauti gani na tumbo la meli?

Huku kwetu Laare stima imefika hata kwenye vijiji ambavyo utotoni mwangu vilikuwa na koroboi tu, hasa tangu mpango wa serikali wa kusambaza umeme hadi kwa wananchi wa kawaida ulipoanza mwaka 2015. Ni baraka kubwa. Penye soko, mashine za kusaga posho zinanguruma, na vijana wanachomelea mageti na fremu za madirisha kando ya barabara. Lakini nimeona kijana akipanda kurekebisha waya wakati stima imepotea, akiimba kabisa, kwa imani kwamba waya umekufa. Stima iliyopotea haijafa. Imeondoka tu, wala haipigi hodi ikirudi.

Nimeona pia mwenye duka akiunganisha jenereta yake ndogo na waya za nyumba bila swichi ya kuitenga na laini ya kampuni ya umeme. Yeye anafurahi kwamba friji yake inafanya kazi. Hajui kwamba stima ya jenereta hurudi nyuma hadi kwenye transfoma ya kijijini, na transfoma ile ile inayoteremsha volti 11,000 kuwa 240 huweza pia kuzipandisha 240 ziwe 11,000. Juu ya mlingoti kilomita kadhaa kutoka hapo, fundi anayehangaika kuwarudishia stima anaweza kuuawa na mtu asiyemjua, aliyetaka soda ziwe baridi.

Haraka yetu

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alimaliza chuo cha ufundi akapata kazi ya kutengeneza meli huko Pwani. Mamake alikuja kwangu jioni, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, wewe ulienda ukarudi. Huyu naye atarudi?"

Singeweza kumwapia. Nilimwita kijana. Nilikuwa na jambo moja tu lililonitia hofu juu yake, nalo si ujinga, maana ni mwerevu kuniliko. Ni haraka. Mtoto wa Laare hunyonya haraka pamoja na maziwa ya mamake. Miraa ikishachumwa, kila saa inayopita inakula bei yake. Kuifunga ni haraka, kuipakia ni haraka, na magari yanayoibeba nadhani umeyaona barabarani. Kwetu, mtu mwepesi ndiye anayesifiwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye meli naye ana miraa yake. Kila siku meli yake ikikaa gudini analipa, na isipokuwa baharini haimletei kitu. Atakuja mtu akuambie, fanya upesi, hakuna haja ya kuzima. Utafanyaje?"

Akajibu, "Mjomba, nikikataa si nitafutwa?"

Hilo ndilo swali, mpenzi msomaji, na kila mzazi anapaswa kulisikia. Mafunzo yote niliyokueleza hayana faida kama kijana anaogopa kufungua kinywa. Nilimjibu kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mtu akifa kazini, sheria hiyo inataka afisa wa usalama wa serikali aarifiwe kabla ya saa 24 kupita. Iko pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo. Lakini fidia hulipwa kwa wanaobaki, na hakuna mama aliyewahi kukumbatiwa na hundi.

Sikumdanganya kwamba kukataa ni rahisi. Kibarua wa siku akikataa, wapo kumi langoni wanaongoja nafasi yake. Nilimwambia asikatae kwa ukali, bali aseme kwa adabu, "Naam, nitaifanya. Nipe dakika tano nikafunge swichi." Wasimamizi wengi, hata wale wakali, huona haya kumnyima mtu dakika tano mbele ya wenzake. Akinyimwa hata hizo, basi ajue kwamba hapo maisha yake hayana thamani, na nyumbani kwetu ugali haujaisha.

Kisha nikamkabidhi zawadi ya safari, kufuli jekundu lenye ufunguo mmoja. Mamake alilitazama akacheka kidogo, akisema alidhani ni la sanduku la shule.

Ikitokea mwenzako amenaswa

Neno moja zaidi kabla hatujaagana. Ukimwona mtu amenaswa na stima, usimshike. Zima kwanza swichi kubwa. Usipoweza kuifikia, na kama ni stima ya nyumbani, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa ubao au kijiti kikavu. Waya wa mlingotini ukianguka, usisogee kabisa. Kaa mbali, wazuie wengine na uite kampuni ya umeme.

Akishatengwa na stima, mwangalie kama anapumua. Ikiwa hapumui, mwite mtu akatafute gari, nawe weka viganja viwili katikati ya kifua chake ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka. Elimu hii ya kubonyeza kifua inatokana kwa sehemu kubwa na vifo vya mafundi wa umeme. William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme, na utafiti wake ulianza kwa sababu mafundi wa laini walikuwa wakifa. Yeye na wenzake wawili, James Jude na Guy Knickerbocker, waliitangaza njia hiyo mwaka 1960. Tangu hapo imewaokoa watu wengi ambao hawakuwahi kugusa waya.

Basi, msomaji wangu, wiki hii fanya mambo matatu. Andika upya namba kwenye sanduku la swichi la nyumba yenu, kwa wino usiofutika. Ukimwita fundi wa umeme, mwulize kama ana leseni ya EPRA, na akizima swichi, mpe kufuli, au msimamishe mtu pale asibanduke hadi kazi iishe. Na kama kijana wako anafanya kazi gudini, kiwandani au juu ya mlingoti, usimwulize mshahara tu anapokupigia simu. Mwulize, "Leo ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"

Akisema ulikuwa mfukoni mwake, lala usingizi. Akisema hajui, usimwache akate simu kabla hamjalizungumza.